Wasemao kwa Nyusi

Mashine ya kusaga nafaka haina adabu. Ikishaanza kunguruma, hata baba mkwe wako akisimama mlangoni akakuuliza habari za watoto, utamwona tu anafungua mdomo na kuufunga, nawe utaitikia "salama, salama", kumbe kakuuliza mkeo yuko wapi. Kila anayefanya kazi hapo hutafuta namna yake. Wapo wanaopiga kelele mpaka sauti inakauka. Wapo wanaopunga mikono kama wanaofukuza nyuki. Na alikuwapo mume mmoja na mkewe, wenye mashine nyuma ya soko, ambao hawakupiga kelele wala kupunga mkono. Wao walisemeshana kwa uso.

Mume, watu walimwita Fundi, kwa kuwa mashine ile haikuwahi kufunguliwa na mkono wa mtu mwingine. Alisimama ndani kabisa, penye bati la kumiminia mahindi, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka kandambili. Mke walimwita Mama Mizani, kwa sababu alikaa karibu na mlango kwenye mizani, akipokea mizigo ya watu na kuipima. Hawakuwa mbali, lakini kwa kelele ile ungesema kila mmoja yuko nchi yake.

Mama Mizani akipandisha nyusi mara moja, maana yake mteja anataka unga laini. Akizipandisha mara mbili, huyu ana haraka, kaacha mtoto, mtangulize. Akivimbisha shavu, linakuja gunia zima, Fundi ajiandae mgongo. Akikunja pua, mahindi yana wadudu. Na kubwa kuliko zote, ambayo haikuwa na mzaha, ni ile ya kubana midomo mpaka inaingia ndani, kisha kutupa macho mlangoni. Hiyo ilisema: haya mabichi, yarudi. Mahindi mabichi huziba chekeche la mashine yakawa kama udongo wa kufinyangia, na kazi ya siku nzima ikafa hapo hapo. Fundi naye alipoyaona mabichi yaliyomponyoka mkewe, alimjibu kwa uso ule ule.

Kwa nini wasitikise kichwa tu kama watu wengine? Kwa sababu mteja ana macho, na macho hayana pazia. Mwambie mama mtu mzima mbele ya foleni kwamba mahindi yake hayafai uone atakavyokuchamba wewe na ukoo wako. Kwa hiyo uamuzi ulipita juu ya vichwa vya watu, kimya kimya, halafu Mama Mizani alimvuta yule mama pembeni na kumnong'oneza, "Mamangu, yape jua kidogo, yatakutolea unga mzuri zaidi." Mteja aliondoka na heshima yake yote.

Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mama Mizani alipokuja pale mara ya kwanza alikuwa msichana wa kuajiriwa, na Fundi alikuwa kijana mwenye aibu ambaye hata salamu ilimshinda. Walianza kutazamana kwa ajili ya kazi, wakaendelea kutazamana kwa ajili yao wenyewe. Hata posa, wazee walipeleka baadaye tu kukamilisha utaratibu. Wao wawili walikuwa wameshamaliza mambo yao katikati ya vumbi na kelele, bila neno hata moja. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na nyumbani? Nyumbani masikio yalikuwa yamechoka na midomo haikuwa na mazoea, kwa hiyo uso uliendelea na kazi. Nyusi juu: chumvi imekolea? Shavu: nimeshiba. Neno "nakupenda" halikuwahi kutamkwa katika nyumba ile. Msiwaonee huruma. Nawajua watu wanaoambiana hivyo kila asubuhi na jioni wanarushiana sufuria. Hawa walilea watoto, wakawapeleka shule za bweni, wakabaki wawili, na kila mmoja aliweza kumsoma mwenzake akiwa ameshika kikombe cha chai upande wa pili wa chumba.

Sasa sikilizeni lililowapata.

Asubuhi moja Fundi aliamka, akaenda kusukutua, maji yakamwagika yenyewe upande wa kulia wa mdomo. Akasukutua tena, yakamwagika tena. Akatazama kwenye kioo cha kunyolea. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Jicho la kulia halikufumba, shavu limelegea, ukingo wa mdomo umeshuka chini kama pazia lililong'oka msumari. Alijaribu kupandisha nyusi, ukapanda mmoja. Akashtuka, akafanya kile ambacho angefanya siku yoyote akiwa na jambo: akaenda jikoni kumwonyesha mkewe.

Mama Mizani alikuwa anakoroga uji. Akageuka, akamwona mumewe amesimama pale, uso umekwenda upande, jicho moja linatoa machozi peke yake. Moyo ukamlipuka. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi, na mdomo wake ulikwenda upande vivyo hivyo asubuhi ile, na kabla ya adhuhuri akawa marehemu. Ukunga ulimpanda Mama Mizani mpaka kooni. Akauzuia. Alijiambia, nikipiga kelele atajua anakufa, nitammaliza kwa hofu. Akabana midomo kwa nguvu zote mpaka ikaingia ndani, akatupa macho kwenye mlango wa uani, atazame kama kuna jirani wa kumsaidia kumbeba.

Umeshaliona kosa, eh? Wewe umeliona, na Fundi aliliona kwa namna yake, lakini mwenye uso hakuliona. Nani anajitazama uso wakati mumewe anamfia? Alichojua yeye ni kwamba hakupiga ukunga, na alijipongeza kwa hilo. Alimkimbiza hospitali bila hata kuepua uji.

Daktari alimwambia Fundi apulize hewa, akunje paji la uso, ainue mikono yote miwili. Kisha akasema si kiharusi. Ni neva ya uso tu, imevimba. Akaandika vidonge, na dawa ya matone ya jicho, na akaagiza jicho lifunikwe wakati wa kulala. "Wengi hupona, uso unarudi pole pole," alisema. "Wengine hubaki na alama kidogo. Msiwe na haraka."

Mama Mizani alitoka pale miguu haigusi chini. Si kiharusi! Mumewe yupo! Njia nzima alimshukuru Mungu kwa sauti, akawasalimia hata watu asiowajua. Fundi alitembea nyuma yake, ameinamisha kichwa, kiganja kimefunika shavu.

Tangu siku ile Fundi hakwenda mashineni. Hilo lilieleweka, vumbi la unga na jicho lisilofumba havipatani. Lakini nyumbani nako alibadilika. Alijizungushia taulo kutoka kichwani mpaka kidevuni kama mtu anayeumwa jino. Chakula alikula chumbani, amegeukia ukuta. Na lililomuumiza mkewe kuliko yote, aliacha kumtazama. Mama Mizani alipandisha nyusi: umelala vizuri? Fundi alikuwa anatazama kandambili. Alivimbisha shavu, akakunja pua kwa mzaha, akafanya vituko vyote anavyovijua. Mumewe alitazama dirisha. Jamani, mtu asiyekutazama usoni utamwambia nini kwa uso?

Akajaribu maneno. Maskini, hakuwa na ujuzi nayo. Alisimama mlangoni mwa chumba, akavuta pumzi, moyoni ana gunia zima la kusema, na kilichotoka kilikuwa, "Baba watoto, nikuongezee chumvi?"

"Inatosha," alijibu Fundi, kwa sauti iliyoteleza upande mmoja wa mdomo. Akageukia ukuta.

Mashineni alikuja kusaidia Wifi, dada yake Fundi, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mdomo usiojua likizo. Mama Mizani aliingia ndani kwenye bati la mumewe, akamwachia Wifi mizani. Hasara ilianza mapema. Akaja mteja na debe la mahindi, Mama Mizani akayaona kwa mbali yanavyong'aa unyevu. Mazoea yana tabu. Akabana midomo, akatupa macho mlangoni.

Wifi akaacha mizani, akamfuata mpaka ndani, akamshika kidevu. "Wifi! Una nini? Jino?"

Mama Mizani akabana midomo zaidi.

"Basi usiwe mkaidi, nina karafuu kwenye mkoba!" alipiga kelele Wifi, na kabla Mama Mizani hajamzuia, akayamimina mahindi ya yule mama kwenye bati. Mashine ilikoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Walipolifungua chekeche lilikuwa limejaa ujiuji mzito. Foleni ikaanza kunung'unika. Wale wanawake wawili wakakaa chini na vijiti, wakakwangua, na Wifi akacheka mpaka akashika mbavu, na Mama Mizani akacheka naye, halafu katikati ya kicheko akajikuta analia.

Wifi akaacha kukwangua. "Ni kwa sababu ya Jumamosi?"

"Jumamosi kuna nini?"

"Yesu na Maria," alisema Wifi, akajifunika mdomo kwa mkono wenye ujiuji. "Hajakwambia? Kaka mkubwa anakuja na gari kumchukua. Anakwenda kukaa shamba kwake. Nilidhani mmekubaliana."

"Kwa muda gani?"

Wifi akarudi kulikwangua chekeche. Kisha akasema pole pole, "Amemwambia kaka kwamba hataki kukaa mahali asipotakiwa."

"Nani hamtaki?"

"Mimi nitajuaje? Kamuulize! Kuuliza si ujinga."

Alikwenda kuuliza. Jioni ile alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaitazama ile taulo na mgongo uliomgeukia, na akasema, tena hakutaja chumvi, "Nasikia unaondoka."

"Ni vizuri zaidi," ulisema mgongo.

"Vizuri kwa nani?"

"Kwako. Usijali. Nimeelewa, na sikulaumu."

"Umeelewa nini?"

Alimshika bega. Bega likawa gumu. Angeweza kumvua taulo kwa nguvu, angeweza kupiga makelele, lakini alimjua mumewe kama anavyoijua mizani yake: ukiisukuma ndiyo inayumba zaidi. Akainuka, akaenda jikoni, akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Alihisi kwamba anaachwa, na hajui alilokosea, na aibu ya kutojua ilimchoma kuliko kosa lenyewe. Mwanamke aliyesoma uso mmoja maisha yake yote sasa amefungiwa kitabu.

Ilipofika Ijumaa umeme ulikatika. Mashine ilinyamaza katikati ya debe la mtu, na wateja wakatawanyika kwenye vivuli wakisubiri. Wifi alitumia nafasi ile kumpigia mumewe simu, kwa sababu Wifi na kimya hawajawahi kufahamiana. Akatembea huku na huku katikati ya magunia, simu sikioni, anachonga porojo. Mama Mizani akamtazama. Wifi alipandisha nyusi. Akatabasamu. Akakunja uso, akafumba macho, akatoa ulimi kidogo, akang'ata mdomo kwa deko kama msichana. Uso mzima ulikuwa sokoni, na yule anayeongea naye haoni hata kope.

Lo! Mama Mizani alisimama. Kwenye simu mtu hana uso. Hakuna wa kuuficha, hakuna wa kuutazama. Kila mtu anakaa na wake.

"Wifi, nenda nje kidogo."

"Nje kuna jua."

"Nenda nje, nakuomba, na mdomo wako uende nao."

Wifi akamtazama, akaelewa kwamba leo si siku ya ubishi, akatoka. Mama Mizani akavuta mlango wa bati, akakaa juu ya gunia, akaitafuta namba ya mumewe. Hebu fikiria: walikuwa hawajawahi kupigiana simu. Wangepigiana kwa nini, na kutwa nzima wanatazamana?

Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Haloo, nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mkeo! Kwani una wangapi?"

"Kuna nini? Mashine imeungua?"

"Mashine ni nzima. Mwenye mashine ndiye mbovu." Akajiuma ulimi. Alikuwa anataka kuwa mpole, na tayari ameanza kufoka. "Baba watoto, uko wapi?"

"Chumbani."

"Umevaa taulo?"

Alisikia kitanda kikilia, kama cha mtu anayegeukia ukuta.

"Vua. Mimi niko huku, mlango nimefunga, sikuoni na hunioni. Vua, upate hewa."

Alisikia kitambaa kikichakarisha kwenye simu, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyetoka kwenye moshi. Mama Mizani naye akavuta pumzi. Aliona ajabu kwamba anamwogopa mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile.

"Sasa niambie," alisema. "Nimekukosea nini? Unaondoka kwa nini?"

"Nilishakwambia, sikulaumu."

"Usiponilaumu ndiyo mbaya zaidi! Nilaumu, nijue. Nitukane hata."

Nje alimsikia Wifi akimwambia mtu kwamba umeme utarudi, umeme haujawahi kufa. Kisha Fundi akaanza kuongea, na maneno yalitoka kwa shida, mengine yameteleza, na hakuwa mwepesi wa maneno hata mdomo wake ulipokuwa mzima.

"Ulinirudisha."

"Nilikurudisha wapi?"

"Siku ile. Jikoni. Nilikuja nikuonyeshe. Nikiwa nimeogopa, mama watoto, niliogopa sana. Ukanitazama. Ukabana midomo, ukatupa macho mlangoni. Nikasema, basi. Kaniona mbichi."

Mama Mizani alishika kifua. Pale pale juu ya gunia, bila kujua, midomo yake ilikuwa imebanwa, na macho yake yako kwenye mlango wa bati. Akauhisi uso wake mwenyewe kutoka ndani, kama mtu anayeshika kitu gizani na kutambua ni nini. Mungu wangu, alijiambia. Mungu wangu, niliusema huo. Niliusema kwa mume wangu mgonjwa.

"Baba watoto," alisema, na sauti ikapasuka. "Mimi nilikuwa nakuona unakufa."

Upande wa pili pumzi ilisimama.

"Mama yangu alikwenda vile vile. Uso ule ule. Nilipokuona nikasema hafiki adhuhuri. Nilibana midomo nisipige ukunga, nisikutishe! Mlangoni nilikuwa namtafuta mtu wa kukubeba. Nikurudishe? Nikurudishe kwa nani, mimi nitabaki na nani?"

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Uso wako haujawahi kunidanganya," alisema Fundi taratibu. "Hata siku moja. Nitasemaje kwamba siku ile ndiyo ulikosea?"

"Haukukudanganya. Ulishikwa bila neno. Jambo lile uso wangu haukuwa na neno lake."

Kwenye simu ikasikika sauti. Ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyekwamwa na kitu kooni, kisha ikaja nyingine. Mama Mizani akabandika simu sikioni mpaka ikauma. Hakuijua ile sauti. Ni kicheko? Ni kilio? Mtu ambaye angeweza kumsoma kwa kope moja, leo hajui kama anacheka au analia, na hilo hakuweza kulivumilia hata kidogo. Akasukuma mlango wa bati ukagonga ukuta.

"Wifi! Mashine yako!"

"Mimi siijui mashine!"

"Hakuna umeme, itakufanya nini?"

Wateja walimshangaa Mama Mizani, mtu mzima, mwenye heshima zake, anakatiza sokoni mbio, kanga mkononi, nywele nyeupe kwa unga. Mmoja aliuliza kama kuna msiba. Wifi akajibu kwamba hapana, kuna harusi, na akakataa kueleza zaidi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mama Mizani alimkuta mumewe amekaa mezani, si chumbani. Taulo ilikuwa imetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Uso wake ulikuwa umelowa upande mmoja kwa machozi ya ugonjwa na upande wa pili kwa machozi ya kweli, na Mama Mizani aliyatofautisha mara moja. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai. Hawakusalimiana. Fundi akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile, akamtazama mkewe usoni.

"Nitazame nikinywa," alisema.

Akainua kikombe. Alikunywa mbele yake, na chai ikafanya ilivyozoea kufanya: nusu ilikwenda kooni, nusu ikatoka kwenye ukingo uliolegea, ikateremka kidevuni, ikadondoka kwenye shati. Hakujifuta. Akaweka kikombe chini, akasubiri, macho yamemkazia mkewe, na mikono yake mikubwa ya kazi imeshikana juu ya meza kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Alikuwa anamuuliza. Mume wake alikuwa anamuuliza, wazi wazi, kwa uso uliobaki nusu, na alistahili jibu.

Mama Mizani akatafuta. Nyusi? Hazikutosha. Shavu, pua, hakuna hata moja katika yote waliyoyatumia kwa miaka iliyofaa hapo. Midomo ikataka kubana kwa mazoea, akaikataza. Na alipoikataza, hakubakiwa na kitu cha kushikilia, basi uso wote ukaachia. Kidevu kikatetemeka, mdomo ukapanuka ovyo, pua ikatoa kamasi, macho yakafumba na kufumbua, akawa analia na kucheka na kukunja paji kwa pamoja. Haukuwa uso mzuri. Nakwambia ukweli, ungepita dirishani ungedhani mama wa watu amekanyaga kaa la moto. Lakini hakuuficha. Alisimama mbele ya mumewe akamwachia ausome.

Fundi alisogeza kiti, akainama mbele, akauchunguza uso ule kipande kwa kipande, kama anavyoufikicha unga mpya kati ya vidole kabla ya kuruhusu mashine iendelee.

"Huu sijawahi kuuona," alisema.

"Hata mimi sijui ulivyo."

Akanyoosha mkono, akachukua simu iliyokuwa mezani, akabonyeza. Macho hakuyatoa kwa mkewe.

"Kaka? Shikamoo. Ee, kesho usije na gari... Hapana, sijazidiwa. Siendi." Akasikiliza. "Mke wangu hataki niende."

Sauti ya kaka mkubwa ilisikika mpaka alipokuwa amesimama Mama Mizani, maana wote katika ukoo ule wanaongea kama wako shambani. "Amekwambia hivyo? Amesema kwa mdomo wake?"

"Hajasema neno," alisema Fundi. "Namwona."

Mama Mizani akafika mezani kwa hatua moja, akamnyang'anya simu.

"Nasema, shemeji!" alipiga kelele, sauti ile ambayo hakuwahi kuitumia mashineni maisha yake yote. "Nasema kwa mdomo wangu! Haendi popote, nampenda, ni wangu!"

"Sawa, shemeji, sawa," alisema kaka mkubwa. "Lakini sikio nalo ni langu."

Fundi akacheka. Nusu ya uso wake ilicheka na nusu ikabaki imelala, na alipoinua kikombe chai ikamtoka tena mdomoni, na mkewe akavuta kiti akakaa mbele yake kuzitazama nusu zote mbili.